Sura ya Sita: Kioo Chenye Matundu

Nuru inayoingia karibu haionekani. Ni mwale wa leza wa nanomita 770 au zaidi kidogo, wekundu wa mwisho kabisa ambao jicho la binadamu linaweza kuubaini, na mgeni maabarani anaweza kudhani mtambo haujawashwa. Mwale huo unaelekezwa kwa lenzi kwenye ncha ya uzi wa kioo usiofika hata mita moja. Ncha ya pili inatoa mwanga mweupe. Ukiutandaza kwa prizimu unazikuta rangi zote za upinde wa mvua zimejipanga bila pengo, na baada ya nyekundu inaendelea nuru nyingine nyingi ambayo mpaka uwe na kifaa ndipo uipime.

Jinendra Ranka, Robert Windeler na Andrew Stentz wa Bell Labs, Marekani, walitangaza jambo hili mwaka 1999, na makala yao ikachapwa mwanzoni mwa 2000. Uzi wao ulikuwa wa sentimita 75. Nuru iliyotoka ilianzia nanomita 390, kwenye urujuani, hadi 1,600, ndani kabisa ya eneo la infraredi. Nuru pana ya namna hiyo, ambayo wanafizikia huiita supakontiniumu, haikuwa ngeni: Robert Alfano na Stanley Shapiro waliipata New York mwaka 1970 kwa kukipiga kioo cha kawaida kwa leza. Ila wao walihitaji mapigo yenye nguvu ya kutisha. Ranka na wenzake walitumia leza ya mezani isiyo na kikuza nguvu, na kila pigo lake lilibeba nishati isiyofika sehemu moja ya bilioni ya jouli.

Kioo chenyewe kilikuwa silika. Hakikutiwa dawa ya ajabu wala rangi. Kilikuwa na matundu tu.

Ili kazi ya matundu hayo ieleweke, lazima kwanza tuikague faiba ya kawaida, ile iliyolala baharini ndani ya mikongo ya SEACOM na TEAMS iliyotua Mombasa mwaka 2009. Katikati yake kuna kiini cha kioo chenye upana wa maikromita nane au tisa hivi, na kiini hicho kimevikwa ganda la kioo kingine. Vioo hivyo viwili karibu vinafanana. Kiini kimetiwa jemaniamu kidogo ili nuru iende polepole zaidi ndani yake kuliko kwenye ganda, na tofauti hiyo ndogo inatosha: nuru inayojaribu kutoka kwa kuinama kidogo inarudishwa ndani, tena na tena, hadi mwisho wa safari. Daniel Colladon aliwaonyesha watu wa Geneva jambo hilo kwa mchirizi wa maji miaka ya 1840. Kazi ngumu ilikuwa kukipata kioo kisichoinyonya nuru. Mwaka 1966 Charles Kao, akiwa Harlow nchini Uingereza, alidai kwamba uchafu ukiondolewa, kioo kinaweza kubakisha angalau asilimia moja ya nuru baada ya kilomita nzima. Asilimia moja! Na hilo lilionekana ni tamaa kubwa. Kampuni ya Corning iliufikia mpaka huo mwaka 1970 na kuuvuka. Siku hizi nusu ya nuru bado ipo baada ya kilomita 15, na Kao alipewa Nobeli mwaka 2009.

Mwanafizikia Philip Russell alitaka kitu kingine. Mwaka 1987 Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wameonyesha kwamba kitu kikiwa na mpangilio unaojirudia kwa hatua ndogo kama urefu wa wimbi la nuru, kinaweza kuikataza nuru ya rangi fulani isipite humo, hata kama kimetengenezwa kwa kitu ambacho kwa kawaida kinapitisha kila rangi. Vitu hivyo vikaitwa kristali za fotoni. Mwaka 1991 Russell alipata wazo la kuuweka mpangilio huo ndani ya uzi: vitundu vingi sana vikienda sambamba kutoka ncha hadi ncha, na katikati tundu kubwa zaidi ambamo nuru itasafiri hewani, imezungukwa na kioo kisichoiruhusu itoke. Katika faiba ya kawaida nuru hukaa ndani kwa sababu kiini kina kioo kizito zaidi kuliko ganda. Hewa haiwezi kuwa nzito kuliko kioo, kwa hiyo bila hila hiyo ya kristali, uzi wenye kiini cha hewa huivujisha nuru njia nzima.

Namna ya kuutengeneza uzi huo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu sayansi ya hali ya juu inaanza na kazi ya vidole. Unachukua mirija ya silika, kila mmoja na unene wa karibu milimita moja na urefu wa mita hivi. Unaipanga kwa mkono, mmoja juu ya mwingine, mamia yake, hadi fungu lipate umbo la pembe sita. Mahali pa kiini unaweka kijiti kigumu kisicho na tundu, au ukitaka kiini cha hewa, unaondoa mirija kadhaa na kuacha wazi. Fungu zima linatiwa ndani ya bomba la kioo na kupandishwa juu ya mnara, kwenye tanuri lenye joto la karibu nyuzi 2,000. Kioo kinalegea, kinashuka kwa uzito wake, kinavutwa. Kwanza unapata fimbo nyembamba; fimbo hiyo inavutwa tena mpaka iwe uzi unaokaribiana na unywele kwa unene. Kila kitu kinapungua kwa uwiano uleule, na vitundu vilivyoonekana kwa macho sasa viko maikromita mbili tatu tu kutoka kimoja hadi kingine.

Angalau ndivyo inavyotakiwa. Kioo kilicholegea kinajivuta chenyewe, na kitundu kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo kinavyotaka kujifunga. Joto likizidi kidogo, uzi mzima unaziba. Likipungua, unakatika. Chembe ya vumbi iliyonaswa kati ya mirija inatosha kuuharibu mpangilio. Mafundi wa minara hiyo hucheza na joto, mwendo wa kuvuta na shinikizo la gesi ndani ya mirija kwa wakati mmoja, na siri za mchezo huo makala za kisayansi hazizielezi zote.

Uzi wa kwanza uliofanya kazi ulipatikana Chuo Kikuu cha Southampton mwishoni mwa 1995, mikononi mwa Russell, Jonathan Knight, Tim Birks na David Atkin. Vitundu vyake vilikuwa vidogo mno, maikromita 0.3 kila kimoja, na umbali wa maikromita 2.3 kati yao. Haukuwa uzi ulioota akilini mwa Russell, maana kiini chake kilikuwa kioo kigumu. Lakini walipoupima walikuta tabia ambayo hakuna faiba iliyowahi kuwa nayo: rangi yoyote waliyoipitisha ilisafiri kwa umbo moja tu, doa moja safi katikati, kuanzia buluu hadi infraredi. Faiba ya kawaida hufanya hivyo kwa rangi zilizo juu ya urefu fulani wa wimbi. Chini ya hapo nuru inagawanyika katika maumbo mengi yanayochanganyikana. Tabia hiyo waliifafanua mwaka 1997, wakati ambapo kundi lilikuwa limehamia Chuo Kikuu cha Bath. Kiini cha hewa kilikuja baadaye, mwaka 1999.

Hapa hadithi inapinda. Mtu aliyetaka kuitoa nuru ndani ya kioo na kuiweka hewani alijulikana zaidi duniani kwa sababu uzi wake uliibana nuru ndani ya kioo kuliko ilivyowahi kubanwa.

Pigo la leza lenye urefu wa femtosekunde 100 ni kitu kifupi mno: nuru yenyewe, pamoja na mbio zake zote, inakwenda milimita 0.03 tu katika muda huo. Na sheria ya mawimbi inasema pigo fupi haliwezi kuwa la rangi moja kamili. Lazima libebe rangi kadhaa zinazokaribiana. Sasa fikiria mchakamchaka wa shule alfajiri. Wote wanaondoka pamoja, wimbo mmoja, hatua moja. Kufika kona ya pili wenye mbio wako mbele, wazito wamebaki nyuma, na wimbo umekatika vipande. Ndani ya kioo rangi nazo hazina mbio sawa. Pigo linaloingia likiwa limeshikamana linatanuka njiani, kilele chake kinashuka, na nguvu yake inaisha kabla haijafanya lolote la maana.

Katika silika kuna urefu mmoja wa wimbi, karibu nanomita 1,270, ambapo tofauti hiyo ya mbio inafikia sifuri. Upande mmoja wa alama hiyo nyekundu inaitangulia buluu; upande wa pili mambo yanageuka. Bahati mbaya leza bora ya mapigo mafupi ya miaka ya 1990, ile ya yakuti samawi iliyotiwa titani, hutoa nuru karibu na nanomita 800, mbali kabisa na alama hiyo. Silika ni silika. Huwezi kuiambia ibadilike. Lakini nuru iliyobanwa ndani ya kiini chembamba sana, huku imezungukwa na hewa, haisikii kioo peke yake. Sehemu yake inamwagikia kwenye vitundu, na kiasi kinachomwagika kinategemea rangi. Kwa kuchagua upana wa vitundu na umbali kati yao, fundi anaisogeza alama ya sifuri atakapo. Uzi wa Ranka ulikuwa na kiini cha maikromita 1.7 na alama yake ilikuwa nanomita 767. Leza na kioo vilikuwa vimekutanishwa.

Kinachofuata kinahitaji jambo moja zaidi, ambalo John Kerr aliligundua kwa umeme mwaka 1875 na ambalo nuru kali hujifanyia yenyewe: nguvu ikizidi, kioo kinabadilika kidogo na nuru inapungua mwendo. Kilele cha pigo ndicho kinachochelewa zaidi. Kwa sababu hiyo sehemu ya mbele ya pigo inasogea upande wa nyekundu na ya nyuma upande wa buluu. Ukiwa upande wa alama ambako buluu ndiyo yenye mbio, nyekundu ya mbele inachelewa, buluu ya nyuma inaikimbilia, na pigo linajikusanya badala ya kutawanyika. Wimbi la namna hiyo linaitwa solitoni. Mtu wa kwanza kuliandika alikuwa Russell mwingine, mhandisi John Scott Russell, aliyelifuata kwa farasi wimbi moja la maji kwenye mfereji karibu na Edinburgh mwaka 1834, akishangaa kwamba lilikwenda na kwenda bila kupoteza umbo.

Pigo linaloingia kwenye uzi wenye matundu lina nguvu kupita kiasi cha solitoni moja, kwa hiyo linapasuka kuwa nyingi. Kila moja inaitikisa molekuli ya kioo na kuiachia nishati kidogo, na kadiri inavyotoa ndivyo rangi yake inavyosogea kuelekea infraredi. Nyingine, katika purukushani hiyo, zinatema buluu upande wa pili wa alama. Buluu hiyo nayo inanaswa nyuma ya solitoni na kusukumwa kwenda urujuani. Yote haya yanatokea ndani ya sentimita chache za mwanzo; sehemu ya uzi iliyobaki inajaziajazia tu mapengo.

Nuru hiyo nyeupe si ya balbu. Balbu humwaga nuru kila upande. Hii inatoka kwenye kiini chembamba kuliko seli nyingi za mwili, ina rangi zote lakini imekusanyika kama leza, na unaweza kuielekeza kwenye nukta moja.

Walioirukia kwanza walikuwa watu wa saa. Nuru inayoonekana hutikisika mara trilioni 400 hadi 750 hivi kwa sekunde, na hakuna saketi ya umeme inayoweza kuhesabu hivyo. Sekunde yetu imefungwa kwenye atomu ya siziamu, yenye mitikisiko 9,192,631,770, na kuunganisha hesabu hiyo na ya nuru kulihitaji ngazi ya mitambo iliyojaza vyumba, mmoja ukizidisha frikwensi ya mwenzake. Theodor Hänsch huko Garching, karibu na Munich, na John Hall huko Boulder, Colorado, walikuwa na njia nyingine akilini. Leza inayotoa mapigo kwa mpigo usioyumba ina rangi zilizopangwa kama meno ya kitana, na nafasi kati ya jino na jino ni sawa na idadi ya mapigo kwa sekunde, ambayo inahesabika. Tatizo ni kwamba kitana chote kinaweza kuwa kimeteleza kidogo kushoto au kulia na hujui kwa kiasi gani.

Suluhisho ni hesabu ya shule. Chukua jino lililo upande wa nyekundu na uzidishe frikwensi yake mara mbili kwa kristali. Kosa la kuteleza nalo limezidishwa mara mbili. Ulinganishe na jino halisi la upande wa buluu lenye namba mara mbili, ambalo kosa lake limebaki lilelile moja. Tofauti ya frikwensi hizo mbili ndiyo kosa lenyewe. Sharti lake ni kwamba kitana kiwe kipana kiasi cha kuwa na jino na mara mbili yake kwa pamoja, na leza yao haikuwa pana hivyo. Uzi wenye matundu ulikuwa, na ukazidi. Boulder walipata uzi wa Bell Labs; Garching walitumia uzi wa Bath, na majina ya Knight, Russell na mwenzao Wadsworth yapo kwenye makala yao ya 2000. Mwaka 2005 Hall na Hänsch waligawiwa nusu ya Nobeli ya fizikia. Kufikia 2011 kundi la Garching lilipima mruko mmoja wa atomu ya hidrojeni kuwa mitikisiko 2,466,061,413,187,035 kwa sekunde, na shaka ya kama kumi hivi mwishoni. Nimeiandika namba hiyo yote makusudi.

Biashara ilifuata haraka. Leza za yakuti ni ghali na zinabembelezwa kama mtoto mgonjwa. Nafasi yao ilichukuliwa na leza ndogo za karibu nanomita 1,064, nyingi zikiwa nazo zimetengenezwa kwa faiba, na nyuzi zikabuniwa upya zizifae leza hizo. Leo sanduku moja linalochomekwa ukutani linatoa wati kadhaa za nuru pana. Liko ndani ya hadubini za seli, ambako mtafiti anachagua rangi anayoitaka bila kubadili leza, na ndani ya mitambo ya kupiga picha tabaka za jicho. Vitana vilivyopanuliwa kwa nyuzi hizi vimewekwa pia kwenye darubini ya La Silla, Chile, kupimia mwendo wa nyota zenye sayari.

Lakini nuru hii ina tabia mbaya, na wauzaji hawaitangulizi. Haitulii. Ukipima wastani wa mapigo milioni unapata mteremko laini wa rangi. Ukipima pigo mojamoja, hakuna linalofanana na jingine. Mwaka 2007 Daniel Solli, Claus Ropers, Prakash Koonath na Bahram Jalali wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliangalia ukingo wa mbali wa infraredi, pigo kwa pigo. Mengi hayakuwa na kitu huko. Machache, kwa ghafla, yalikuwa na solitoni kubwa ajabu. Wakakumbuka bahari. Mabaharia walisimulia kwa karne nyingi juu ya wimbi moja linaloinuka bila taarifa na kuzidi yote yanayolizunguka, na wataalamu wengi waliwapuuza hadi tarehe 1 Januari 1995, pale kipimo cha jukwaa la Draupner katika Bahari ya Kaskazini kiliposajili wimbi la karibu mita 26 katika bahari ambayo mawimbi yake makubwa yalikuwa ya mita 12 hivi. Je, hesabu inayolizaa wimbi la bahari ndiyo inayolizaa la kioo? Mabishano bado yapo, na mimi naona ndugu hao wanafanana sura kuliko damu. Faida ya kulinganisha ni kwamba maabarani unaweza kuona mamilioni ya mawimbi kwa dakika moja bila kuzamisha meli.

Chanzo cha fujo ndani ya uzi kinajulikana: mchecheto mdogo wa kwantumu mwanzoni mwa pigo unaamua lini na wapi litapasuka. Anayepiga picha za jicho hataki hilo. Kwa hiyo siku hizi kuna nyuzi zilizotengenezwa makusudi zisiwe na alama ya sifuri hata kidogo. Ndani yake pigo halipasuki, linatandazwa taratibu. Nuru inatoka nyembamba zaidi kwa rangi, lakini imetulia.

Ndoto ya kwanza ya Russell nayo haikufa. Nyuzi zenye kiini cha hewa zilikwama kwa miaka kwa sababu uso wa kioo kilichopoa haukosi vikunjo vidogo, na nuru iliyovigusa ilitawanyika. Wabunifu walizidi kupunguza kioo kilicho karibu na kiini, mpaka uzi ukabaki na mirija michache myembamba iliyoshikamana na ukuta wa ndani, mrija ndani ya mrija. Kundi la Francesco Poletti huko Southampton lilieleza mwaka 2025 uzi wa aina hiyo unaopoteza desibeli 0.091 kwa kilomita, chini ya faiba yoyote yenye kiini cha kioo. Nusu ya nuru inabaki baada ya kilomita 33, na humo inakwenda kasi zaidi kwa karibu nusu kuliko ndani ya silika. Microsoft ilikuwa tayari imeinunua, mwaka 2022, kampuni iliyotokana na maabara hiyo.

Na nafasi hiyo tupu inaweza kujazwa. Silika ikipigwa na urujuanimno kwa muda inaharibika, ndiyo maana nuru pana ya nyuzi za kioo inafifia inapokaribia huko. Gesi haiharibiki. Kundi la Russell, ambalo kufikia wakati huo lilikuwa Erlangen, Ujerumani, lilijaza heli ndani ya uzi wa kiini cha hewa na mwaka 2015 likaripoti nuru pana iliyoshuka hadi nanomita 113, mahali ambapo hewa ya kawaida yenyewe huinyonya nuru. Ile alama ya sifuri, ambayo kwenye kioo inaamuliwa siku uzi unapovutwa na haibadiliki tena, hapo inasogezwa kwa kufungua au kufunga vali ya mtungi.